Mla wenzake ndo wa kwanza kufa: maswali yenu ya samaki wa ziwani

Wiki hii simu yangu imejaa maswali ya samaki wala samaki mnaowafuga kwenye matenki nyumbani, nahisi kuna mtu kashusha mzigo toka Matema, kule ufukweni Ziwa Nyasa, kauza mji mzima. Najibu yalivyokuja.

"Kaka shikamoo. Samaki wangu wa mabaka kila saa analala ubavu kwenye mchanga, nikisema kafa, naona kaamka. Nimtoe?" (Soweto, Mbeya)

Marahaba. Usimtoe, huyo yuko kazini! Kwa picha uliyotuma ni Nimbochromis livingstonii, ng'ambo kule Malawi wanamwita kaligono, yani mlalaji, na Mnyakyusa aliyezoea kusalimia "ugonile", yani umelalaje, hahitaji mkalimani hapo. Anajilaza kama mzoga, visamaki vidogo vikija kudonoa anavikwapua. Watafiti walishaliandika hilo toka ziwani kwenyewe mwaka 1981. Mi wa kwangu wa kwanza nilishamchota na wavu nikamtupe kwenye migomba, akaruka mkononi, watoto walinicheka mwezi mzima. Cha kuangalia ni pumzi. Anayewinda anapumua taratibu na ukileta chakula anainuka kama hakuna kitu, mgonjwa anahema haraka haraka, anang'ang'ania juu karibu na pampu na chakula hataki.

"Anko, toka baridi ianze samaki wangu hawali, wamejikunja kona moja. Na umeme nao ndo huo." (Uyole)

Pole sana mdogo wangu, Uyole mwezi wa saba hata binadamu anajikunja kona moja. Samaki wa Ziwa Nyasa kazoea maji ya nyuzi 24 mpaka 28, yakishuka chini ya hapo tumbo halisagi chakula, ukimlazimisha kinaozea humo humo. Hita piga hesabu ya wati moja kwa kila lita, na nunua mbili ndogo badala ya moja kubwa, moja ikifa nyingine inashikilia, ikigoma kuzima pia haiwezi kukuchemshia supu.

Ila kuna jambo watu wa huku tunalisahau. Ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na watu wanaoishi usawa wa bahari, sisi Mbeya tuko kama mita 1,700 juu, hewa nyepesi, kwa hiyo maji ya joto lile lile yanabeba oksijeni pungufu karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar. Na samaki mwindaji mwili wote ni msuli, oksijeni kwake ni kama mkaa kwa mama ntilie. Pampu ya hewa huku sio urembo, weka yenye nguvu, na tokeo la filta liwe linavuruga uso wa maji.

Umeme ukikatika usilishe kabisa. Funika tenki na blanketi pembeni, juu acha pa kupumulia, chupa za maji moto zilizofungwa vizuri zielee humo, na tafuta pampu ya betri. Ukikaa bila umeme masaa mengi, filta uisuuze kwenye ndoo ya maji ya tenki kabla hujaiwasha, maana bakteria wanaosafisha maji wanakuwa wameanza kufa na uchafu wake ukirudi ndani ni sumu.

"Nawapa moyo wa ng'ombe na dagaa wa chumvi, wanapenda sana. Kuna shida?" (Tukuyu)

Mtoto naye anapenda pipi. Mafuta ya ng'ombe samaki hayamsagiki vizuri, dagaa wa chumvi acha kabisa. Wape usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wabichi waliogandishwa, Kyela si hapo tu, minyoo ya shamba lisilopigwa dawa, kamba wadogo. Na hii tabia ya kutupia samaki hai ili mshangilie sebuleni, mnanunua vidudu vya magonjwa kwa hela yenu. Aliyekomaa mlishe siku moja aruke moja.

"Tenki langu lita 100, naweza kuweka wawili?" (Kihesa, Iringa)

Hapana. Kaligono anafika sentimita 25. Anzia tenki la 150 kwa 60 kwa 50, hizo ni lita 450, yani kilo 450 za maji peke yake, kwa hiyo angalia na sakafu yako.

"Maji ya bomba nakinga naweka moja kwa moja. Na nimeambiwa niongeze chokaa." (Mwanjelwa)

Aliyekwambia alimaanisha JIWE la chokaa, sio ile ya unga ya kupakia ukuta, hiyo utaua wote kabla chai haijapoa. Ziwa lina pH, yani kipimo cha uchachu wa maji, ya 7.7 mpaka 8.6, maji yetu ya milimani mengi ni laini, yani madini machache, kwa hiyo vipande vya mawe ya chokaa, na Songwe yamejaa mpaka yanatengenezewa saruji, vioshe weka ndani. Ya bomba yakae siku moja kwenye ndoo wazi na pampu ikipuliza, klorini itoke, halafu yapashe yafanane joto. Badili robo kila wiki, wala nyama wanatoa amonia, ile sumu ya uchafu wao, nyingi mno, na kwenye maji ya pH ya juu amonia inakuwa kali zaidi.

"Nataka wale warefu wa fedha, Rhamphochromis. Nawafuata mwenyewe Matema." (Makambako)

Kaka, nakuomba uache. Nilijaribu. Sita kwenye pipa nyuma ya pikapu, Matema ziwa liko chini ya mita 500, tukapanda Tukuyu na ile mvua yake, watatu walikufa kabla ya Uyole, wawili wakaruka nje ya tenki usiku wa kwanza kwa sababu nilikuwa sijaweka mfuniko, wa mwisho alijigonga kioo taya likapinda hakula tena. Meno kama sindano lakini ukiwasha taa ghafla tu anapaparika. Ukishindwa kuacha basi pitia ofisi ya uvuvi kwanza uulize kibali, chukua wadogo wa kidole, wasile siku mbili kabla ya safari, kila mmoja mfuko wake wenye oksijeni ndani ya boksi la foili, usafiri usiku wakiwa gizani. Na tenki la mita mbili liwe tayari lina wiki sita filta inazunguka mpaka bakteria wa kusafisha maji wameota, sio unaenda Matema ndo unampigia fundi wa vioo.