Kufuatilia historia ya obzavatori ya Lassell

Mkuu, umeuliza uanzie wapi kufuatilia historia ya ile obzavatori (jengo la kutazamia nyota) ya William Lassell pale Liverpool, yule mtengeneza bia aliyegundua Triton, mwezi wa sayari ya Neptune, tarehe 10 Oktoba 1846, siku 17 tu baada ya Neptune yenyewe kugunduliwa. Usianze na jengo, anza na mtu. Alifariki 1880 na alikuwa memba wa Royal Astronomical Society, chama cha wanaastronomia cha Uingereza, sasa jarida lao la Monthly Notices lilikuwa linatoa tanzia za memba na ripoti za darubini zao, na matoleo ya zamani yameskaniwa na yako bure kabisa kwenye ADS, hifadhi ya mtandaoni ya machapisho ya astronomia. Halafu, ili uone jengo lilikuwa wapi, tafuta ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, maktaba ya taifa ya Scotland imeziweka mtandaoni. Malta usiisahau, alipeleka darubini huko 1852.