Baiskeli milimani bila bughudha ya magari: Mombo, Soni, Lushoto (na Amani kwa mwenye tairi pana)

Mkuu, umeuliza ni wapi mtu anaweza kuendesha baiskeli kwenye vilima bila kusukumwa na mabasi pembeni ya barabara. Umesema una siku tatu, baiskeli ya matairi membamba, na Barabara ya Bagamoyo imekuchosha. Nitakujibu kwa njia ninayoijua kuliko zote: Mombo kupanda Soni mpaka Lushoto, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga. Naishi Korogwe, nimeipanda kwa miaka tisa sasa, mara tatu au nne kila mwaka.

Kuna jambo nataka ulielewe kabla hujakata tiketi. Ukiitazama ile barabara kwenye ramani, unaona lami imejikunja kunja kupanda mlimani, unadhani huko hakuna magari. Yapo. Hiyo ndiyo njia kuu ya kuingia na kutoka Lushoto, na Lushoto inalisha miji kwa mboga. Kuna Kosta, kuna Noah, kuna bodaboda, na kuna mafuso yaliyojaa kabichi, karoti na viazi hadi turubai halifungiki. Utulivu wa barabara ile una saa zake na siku zake. Ukizijua, utapanda mlima mzima ukisikia maji ya mto kuliko injini. Ukizikosa, utarudi Dar ukisema nilikudanganya.

Saa zenyewe ni hizi. Ondoka Mombo saa 12 na robo asubuhi, mara tu unapoweza kuona mashimo bila taa. Mpaka saa 3 hivi barabara ni yako. Magari ya abiria ya kwanza yanashuka, hayapandi, kwa hiyo hakuna anayekupigia honi mgongoni. Kuanzia mchana hali inabadilika, na jioni mafuso ya mboga yanaanza kushuka ili yaingie sokoni usiku. Jioni mimi siipandi kabisa. Siku nzuri kuliko zote ni Jumapili asubuhi. Jumapili moja ya Julai nilihesabu magari kutoka Mombo hadi Soni, yakafika 11 tu. Siku mbaya ni siku ya gulio, na kila mji una siku zake, kwa hiyo ukishuka Mombo waulize wenye bodaboda kesho gulio ni wapi. Watakwambia bila hiyana.

Sasa kufika Mombo. Usiendeshe kwenye barabara kuu, hata kama ni kutoka Korogwe tu. Pale ni malori ya mizigo na mabasi ya Moshi na Arusha yanayokimbizana, na pembeni hapatoshi. Weka baiskeli kwenye buti la basi. Toa gurudumu la mbele, ilaze ubavu ambao cheni iko juu, na ufunge kitambaa kwenye ule mkono wa gia wa nyuma, maana wapagazi wanarushia mabegi juu yake. Mlipe kijana wa buti mwenyewe, tena mbele yake uipange kwa mikono yako. Mombo kuna joto na mbu, kwa hiyo chagua gesti yenye chandarua kisicho na matundu na ulale mapema.

Mlima wenyewe hautishi kama unavyodhani. Mombo iko kwenye mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, Lushoto ni kama 1,400. Kwa hiyo unapanda mita 1,000 ndani ya kilomita 33, na sehemu kubwa ya mwinuko imo kwenye nusu ya kwanza, kabla ya Soni. Hapo kila mita 100 za barabara unapanda mita nne hadi tano hivi. Hakuna ukuta wa ghafla wa kukushusha utembee. Ni mwinuko unaoendelea, kona baada ya kona, na bonde linazidi kuzama chini yako. Ukiwa na gia nyepesi ya meno 34 mbele na 32 nyuma utakaa kwenye kiti muda wote. Mimi hunichukua saa mbili na dakika 45 na sijioni kuwa mwepesi.

Kipimo changu cha mwendo ni salamu. Asubuhi ile utakutana na kina mama wanaoshuka na mizigo kichwani, na wazee wanaokwenda mashambani. Wasambaa hawapitwi kimya kimya. Nikiweza kumwambia mzee "shikamoo", akaitikia "marahaba", akaniuliza natoka wapi nami nikamjibu sentensi nzima, najua niko kwenye mwendo wa kunifikisha. Nikiishia "shika..." pumzi ikakata, napunguza gia hapo hapo. Nimeona vijana wenye saa za kupima mapigo ya moyo wamekaa chini ya mti kabla ya Soni wameishiwa, na miguu yao ina nguvu kuliko yangu.

Kona nilifundishwa na kijana mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Aliniambia nisiogope kona zinazopinda kulia kwangu, niogope zinazopinda kushoto. Ukikaa ukafikiri utaona alisema kweli. Wewe unapanda ukiwa kushoto, yaani ndani kabisa ya kona, hakuna anayekuona, na lori linaloshuka hupenda kukata kona hiyo likaingia upande wako. Madereva wa njia ile wana desturi nzuri ya kupiga honi kabla ya kona. Ukisikia honi juu yako na mbele yako ni kona ya kushoto, simama, weka mguu chini, lipite. Utapoteza nusu dakika. Kwa sababu hiyo hiyo usivae visikilizio masikioni, hata kimoja.

Soni pumzika. Maporomoko ya maji yako karibu na barabara, na pale mjini utapata chai ya tangawizi na chapati mapema sana. Jaza chupa zako. Kutoka Soni kwenda Lushoto mambo yanakuwa laini: barabara inafuata bonde, kuna bustani za mboga pande zote mbili, mikaratusi, hewa ya baridi, na kwa msimu wake watoto wanauza mapeasi barabarani. Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Usikikimbilie.

Sasa kushuka. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu mlima ule hauumizi watu wakati wa kupanda.

Mwaka wa kwanza nilishuka nikiwa nimebana breki muda wote, kwa woga. Nilidhani ndiyo usalama. Baada ya Soni, kwenye kona ya tatu au ya nne, tairi la mbele likaisha upepo ghafla, usukani ukayumba, nikaenda kwenye nyasi na mtaro. Kovu la kiwiko ninalo hadi leo. Nilipogusa rimu ilinichoma kidole. Tyubu haikuwa imetobolewa na kitu chochote: kiraka cha zamani kilikuwa kimeachia, gundi imelainika kwa joto. Ule urefu wote niliopanda kwa jasho ulikuwa unageuka moto kwenye rimu, kwa kuwa breki zilikuwa hazipumziki.

Tangu siku hiyo nashuka namna hii. Naliacha gurudumu litembee penye barabara iliyonyooka, kisha kabla ya kona nabana breki zote mbili kwa nguvu na kwa muda mfupi, nikishapunguza mwendo naachia, naingia kona mikono ikiwa imetulia. Nasimama Soni, nagusa rimu. Kama zina joto la kunifanya nivute mkono, nakunywa chai nyingine. Na sishuki tena na tyubu yenye kiraka. Tyubu za viraka ni za Korogwe, nyumbani, kwenye tambarare. Kama baiskeli yako ni ya breki za diski, rimu haitachemka, lakini usibane mfululizo vilevile, diski nayo ina kiwango chake. Na shuka asubuhi, saa 3 au saa 4, lami ikiwa imekauka umande. Mvua ikinyesha usiku, subiri zaidi au panda Kosta, maana mawe na udongo huporomoka kutoka kwenye kingo za juu na unaweza kuyakuta katikati ya kona.

Siku yako ya katikati itumie Lushoto. Mji ule Wajerumani waliuita Wilhelmstal, na hali yake ya hewa ndiyo iliyowavuta. Juni hadi Agosti asubuhi ni baridi kweli, beba sweta na kitu cha kuzuia upepo, hasa cha kushukia. Irente ni kama kilomita 5 au 6 kutoka mjini, njia ya vumbi lakini hata tairi membamba linapita kama hakujanyesha. Ukifika ukingoni unaiona Mazinde chini kabisa, mashamba ya mkonge yamepangwa mistari, na zaidi ya hapo nyika isiyo na mwisho. Upande mwingine kuna kupanda kwenda Magamba, msituni, kwenye mbega na kima na ukungu unaoshuka mpaka kwenye usukani. Kutoka Magamba unaweza kuendelea Lukozi hadi Mtae, kijiji kilichokaa juu ya ukingo kinatazama Mkomazi. Huko ni kutulivu kuliko kote nilikowahi kupita, lakini ni vumbi na makorongo, na Lukozi kwenyewe kuna mafuso ya mboga. Kwa tairi lako la sasa usiende. Njoo tena ukiwa na milimita 35 au zaidi.

Kwa mwenye tairi pana anayetaka kwenda Amani: Amani iko Usambara ya mashariki, unaingilia Muheza. Ni barabara ya udongo. Magari ni machache sana, siku nyingine unapita saa nzima bila kusikia kitu zaidi ya ndege. Unaanza na mashamba na michungwa, unafika Zigi kwenye geti la hifadhi, unalipa kiingilio, kisha kinaanza kipande kikali kisichozidi kilomita 10 kupanda ndani ya msitu. Pale Zigi ndipo ilipoishia reli ndogo ya Wajerumani iliyotoka Tengeni, na nyumba ya stesheni ilibaki. Juu kuna miti waliyoipanda kwenye kituo chao cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1902, na ukivuka Amani unatokea kwenye mashamba ya chai. Mwinuko wake si shida. Shida ni utelezi: udongo ule ukilowa unashika tairi kama ugali, na msitu wa mashariki unalowa hata miezi ambayo sisi wa Korogwe tunaangalia mawingu tu. Baiskeli ya tairi pana, na usiende masika.

Kuhusu miezi, Machi hadi Mei achana na njia zote hizi. Vuli inategemea mwaka. Mimi hupenda Juni mwishoni hadi Septemba, na Januari hadi Februari kama joto la Mombo haulijali.

Umeuliza pia kama ni salama kwa mtu mmoja. Nimepanda peke yangu mara nyingi na sijawahi kusumbuliwa na mtu. Lakini mafundi baiskeli wa Soni na Lushoto wanazijua Phoenix na zile za milimani, vipuri vya baiskeli yako hawana. Beba tyubu mbili mpya, pampu, kiungo cha cheni, na mpira wa breki wa akiba. Ukichagua Jumapili, niandikie wiki moja kabla. Nitakuja na basi la Jumamosi jioni, tupande pamoja mpaka Soni, nikuonyeshe zile kona za kushoto moja moja.