Kwa fundi anayeanza: pikapu inayomisi mara moja moja

Gari ambalo injini yake inamisi (yaani inakatakata kwa kuwa silinda fulani haiwaki) muda wote halina ugumu mkubwa. Injini ikiwa inanguruma, unachomoa waya za plagi (plagi ndizo zinazotoa cheche ndani ya silinda) moja baada ya nyingine kwa koleo lenye mpira, na silinda ambayo ukichomoa waya wake mlio haubadiliki ndiyo iliyolala. Kinachowatoa jasho vijana wanaoingia gereji ni pikapu ya zamani ya petroli inayomisi njiani na kufika kwako imetulia kabisa. Dereva mmoja anayebeba dagaa kutoka Kibirizi, hapa Kigoma, aliwahi kuniuliza, "Fundi, mbona likifika hapa linatulia kama mtoto aliyefikishwa zahanati?" Sikuwa na jibu, nikambadilishia plagi.

Lilikuwa Toyota Hilux lenye injini ya 4Y, la kabureta (inayochanganya petroli na hewa) na distributa (inayogawa umeme kwa plagi) yenye pointi, yaani swichi ndogo inayokata na kuunga umeme. Baada ya siku 3 alirudi, nikambadilishia waya za plagi. Aliporudi tena nikabadilisha koili, inayoukuza umeme wa cheche, na fedha zote hizo zilitoka mfukoni mwake. Kosa langu halikuwa kutojua injini, bali kubadilisha vipuri kabla ya kuuona ugonjwa kwa macho yangu.

Siku hizi naanza kwa kumhoji dereva kama daktari anavyomhoji mgonjwa. Gari likimisi asubuhi ya mvua na kupona injini inapopata moto, ninashuku unyevu kwenye kifuniko cha distributa au kwenye waya za plagi zilizochakaa. Hapo subiri giza, fungua boneti, nyunyizia maji kidogo sana, nawe utaziona cheche za bluu zikiruka mahali pasipostahili. Ukiwa na mita ya umeme, pima kila waya, kwani kwa Toyota nyingi za zamani ukinzani wa waya mmoja haupaswi kuzidi kiloomu 25. Likianza kumisi baada ya nusu saa ya mwendo, huenda ni koili, ambayo nyaya zake za ndani hutanuka kwa joto na kuachana, kisha zikipoa hugusana tena, na ndiyo maana gari huwa limepona linapokufikia. Likikatakata lenye mzigo kwenye milima ya kuelekea Manyovu, tazama kwanza upande wa mafuta: filta, maji ndani ya tangi, na hata kifuniko cha tangi chenyewe, maana tundu lake la kupumulia likiziba, pampu huvuta petroli dhidi ya utupu. Fungua kifuniko mara tu linapomisi. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, umeshapata jibu bila kununua chochote.

Hilux la dagaa halikuingia katika mafungu hayo. Mara ya nne nilimwomba dereva aendeshe mwenyewe hadi Mwandiga nami nikae pembeni, nikiuangalia mguu wake badala ya barabara. Nikagundua kwamba lilimisi kila alipoongeza au kupunguza mafuta, na akitulia kwenye mwendo mmoja nalo hutulia.

Ndani ya distributa kuna sahani inayobeba pointi, na sahani hiyo huzungushwa kidogo na kifaa kinachovutwa na mfyonzo wa hewa kupitia mpira unaotoka kwenye kabureta, ili cheche iwahi au ichelewe kulingana na mzigo. Kila ikizunguka, inaukunja waya mwembamba unaopeleka umeme kwenye pointi. Tuliporudi niliiwasha injini, nikachomoa mpira wa hewa wa kifaa hicho upande wa kabureta, nikakiziba kwa kidole kitundu cha kabureta ulikotoka mpira huo, kisha nikaufyonza ule mpira kwa mdomo. Sahani ikasogea, injini ikamisi. Nilipoachia, ikapona.

Nikaizima injini na kuutoa ule waya mwembamba wa pointi. Ganda lake lilikuwa zima, lakini ndani nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika, zimebaki mbili au tatu. Mita ilisoma vizuri waya ukiwa umenyooka, na nilipoukunja usomaji ukapotea. Waya mpya ulikuwa mfupi kuliko kidole changu cha kati, na sikumtoza chochote. Koili yake ya zamani, ambayo kumbe ilikuwa nzima, nilimrudishia, naye anaiweka chini ya kiti hadi leo.