Maswali Yenu: Korona, Kingamwili na Lawama kwa Chanjo

Aina mpya za korona zinakwepa kingamwili. Basi tulichanjwa ya nini?

Ili usife. Kinga ya mwili si kingamwili, zile protini za damu zinazonasa kirusi, peke yake, na hili nimelisema mpaka koo limekauka. Kingamwili hung'ang'ania protini ya mwiba iliyochomoza juu ya kirusi, hasa eneo ambalo kirusi hulitumia kushika seli zetu, na hapohapo ndipo kinapopenda kujibadilisha. Tazama aina ya Beta, iliyogunduliwa Afrika Kusini mwaka 2020. Katika nafasi ya 484 ya mwiba, asidi ya amino (tofali la kujengea protini) yenye chaji hasi iliondoka, ikaingia yenye chaji chanya. Badiliko hilo moja lilitosha kuzitelezesha kingamwili nyingi zilizozoea kushika hapo, huku mwiba ukiendelea kuishika seli kama kawaida. Aina ya Omicron, Novemba 2021, ilikuja na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye mwiba, na waliochanjwa wakaambukizwa kwa wingi.

Lakini seli T, askari wengine wa kinga, hazihangaiki na umbo la mwiba. Zenyewe hutambua vipande vidogo vya protini vilivyokatwakatwa ndani ya seli iliyoambukizwa, na vingi kati ya hivyo havijaguswa na mabadiliko. Zikishirikiana na seli B za kumbukumbu, zinazokumbuka kirusi na kutengeneza kingamwili upya, zimewaepusha wengi na mitungi ya oksijeni. Anayeihukumu chanjo kwa mafua ya siku tatu hajui alichokwepa.

Ni kweli chanjo ndizo zilizozaa aina mpya?

Swali hili halichoki kurudi, na wanaoliuliza hawachoki kutotazama kalenda. Alpha na Beta zilikuwa zikisambaa kabla chanjo hazijaanza kutolewa kwa umma Desemba 2020. Kirusi hubadilika kinapojinakili ndani ya watu walioambukizwa. Kinga ikishaenea, iwe ya chanjo au ya kuugua, huchuja: kinachoponyoka ndicho kinachosambaa. Mbona hamlaumu kuugua? Na zile sauti za WhatsApp mnazonitumia kama ushahidi, bakini nazo.

Zile dawa za kingamwili za kutundikiwa kwa dripu zimeenda wapi?

Kirusi kimezipita moja baada ya nyingine. Bamlanivimab ilipata idhini ya dharura Marekani Novemba 2020. Kufikia Aprili 2021 idhini ya kuitumia peke yake ilikuwa imefutwa. Casirivimab na imdevimab, zilizotolewa kwa pamoja, zilikwama kwa Omicron. Sotrovimab, iliyotokana na kingamwili ya mtu aliyepona SARS ya 2003, ugonjwa wa kirusi ndugu wa hiki, ilihimili Omicron ya mwanzo, kisha BA.2, tawi la Omicron, ikaishinda nguvu. Bebtelovimab ikafuata njia hiyohiyo Novemba 2022.

Chanjo huufanya mwili utengeneze kingamwili za namna nyingi, kila moja na mahali pake pa kushika. Dawa hizi zilikuwa kingamwili moja au mbili tu. Mahali pale pakibadilika, umetundikiwa maji ya bei mbaya.

Walioumia zaidi ni wenye saratani za damu na waliopandikizwa viungo, ambao miili yao huitikia chanjo kwa shida. Wengi walitegemea Evusheld, kingamwili mbili za kujikinga kabla ya kuambukizwa, mpaka Marekani ilipoisimamisha Januari 2023. Watu hawa wakiambukizwa, kirusi kinaweza kukaa mwilini kwa miezi kikijibadilisha, na wanasayansi wengi wanashuku kuwa aina zenye mabadiliko mengi huanzia huko. Kuwaacha bila kinga ni ukatili, tena ni upumbavu.

Paxlovid nayo inakwepwa?

Hapana. Ni vidonge vya kutibu korona, na mwiba si kazi yake. Huzuia kimeng'enya ambacho kirusi hukitumia kukata protini zake, kwa hiyo mwiba ubadilike utakavyo. Ila ianzwe ndani ya siku tano tangu dalili zitokee, na mtajie daktari kila dawa unayomeza, hata ile unayoiona ndogo. Inagombana na nyingi, zikiwemo baadhi za kushusha kolesteroli.

Nimepima kingamwili, ziko nyingi. Niache dozi ya nyongeza?

Usiache kwa sababu hiyo. Kipimo kimekuambia unazo. Hakikukuambia kama zinaishika aina inayozunguka sasa. Chanjo zenyewe zimebadilishwa kuifuata, mwaka 2023 kwa XBB.1.5 na mwaka 2024 kwa ukoo wa JN.1, yote matawi ya Omicron. Ulizia dozi yako ni ya aina gani na kama uko kwenye kundi linaloihitaji, pesa ya kipimo iache mfukoni.

Antibayotiki je?

Haziui kirusi chochote. Na zile zilizobaki nyumbani usimgawie jirani.