Usianze na Mchoro, Anza na Vipande vya Majaribio

Wanaoanza kazi ya vito vya enameli huniuliza swali lile lile: mawazo unayatoa wapi? Zamani nilijibu ili mtu aridhike tu: maua, bahari, nguo za kale. Ukweli ni kwamba miaka yangu miwili ya kwanza nilikuwa na mawazo tele, na karibu yote yalifia tanurini. Nilikuwa nachora kwa penseli za rangi, nikishapenda mchoro naanza kuilazimisha enameli ifanane nao. Enameli hailazimishwi.

Enameli ni kioo kilichosagwa, kikatandazwa juu ya shaba nyekundu, fedha au dhahabu, kisha kikaingia kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 800 hivi kwa dakika mbili tatu. Si rangi ya kupaka ukutani. Ukichanganya unga wa bluu na wa njano hupati kijani. Kila chembe inabaki na rangi yake, na ukisogeza jicho unaona madoadoa. Halafu enameli inayopitisha mwanga huchukua sura ya kilicho chini yake. Nyekundu yangu ya kwanza niliiweka moja kwa moja juu ya fedha, ikatoka na umanjano wa ajabu kama chai iliyolala. Siku hizi naitandikia kwanza tabaka la enameli isiyo na rangi, au karatasi nyembamba ya dhahabu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza unawachosha wengi: wiki za mwanzo usitengeneze pambo lolote. Kata vipande vidogo vya shaba na fedha, kila rangi uliyonayo ichome juu ya kila metali, mara moja, mara mbili, mara tatu. Upande wa nyuma nao upake enameli, maana kioo na metali havisinyai sawasawa vinapopoa; ukiacha mgongo mtupu, bati jembamba litapinda na kioo kitapasuka. Kila kipande kipe namba na uiandike daftarini.

Mawazo yangu hutoka humo. Kuna kijani kimoja nilikichoma kupita kiasi juu ya shaba. Pembeni, pale kilipokuwa chembamba, kikaingia weusi. Nilikaribia kukitupa. Nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikaona jani bichi linaloanza kuungua kwa jua. Hereni zilizotoka hapo sikuzichora hata kidogo. Vivyo hivyo na hatua za kuyeyuka: kwanza unga hushikana kama sukari, kisha uso huwa kama ganda la chungwa, mwisho unalainika na kung'aa. Mafundi wengi hukimbilia mng'ao. Jaribu kuutoa unga tanurini ukiwa bado kama sukari, kwa makusudi, uone unakukumbusha nini. Chumvi? Umande?

Wakubwa wa kazi hii nimewasoma kwa jicho hilo. René Lalique, sonara Mfaransa, alitengeneza pambo la kifuani la mwanamke anayechomoza kwenye kereng'ende, yapata 1897 hadi 1898. Liko kwenye jumba la makumbusho la Gulbenkian, Lisbon. Mabawa yake yana enameli isiyo na mgongo: kioo kimeshikwa na fremu ya metali tu, mwanga unapita kama dirishani. Sasa mtazame kereng'ende mwenyewe. Bawa lake ni mishipa na utando, vyumba vidogo vidogo vinavyopitisha mwanga. Mdudu na mbinu vinaingiana kama kidole na pete.

Wajapani wawili wenye jina moja la Namikawa, wasio ndugu, walinifunza jambo jingine, ingawa sifa zao kubwa ni za vyombo kuliko vito. Walifanya kazi ya kloazone, ambapo waya mwembamba hugawa rangi na rangi. Yasuyuki wa Kyoto aliufanya waya uwe mstari wa mchoro, mara mnene, mara mwembamba. Sosuke wa Tokyo aliuficha au kuuondoa, chombo kikaonekana kama mchoro wa brashi. Wote wawili waliteuliwa wasanii wa kasri la mfalme mwaka 1896. Kwa hiyo ukipata wazo, kabla ya yote amua: waya kwako ni mstari unaoutaka, au ni ukuta unaokukera? Wazo likichukia waya, litafutie mbinu nyingine mapema.

Na ukitumia waya wa fedha juu ya shaba, weka enameli katikati. Fedha safi huyeyuka kwenye nyuzi 961, lakini ikigusana na shaba, vyote huanza kuyeyuka pamoja kwenye nyuzi 780 tu. Hivyo ndivyo ndege niliyemchora kwa waya alivyopoteza miguu yote miwili.

Unga wa enameli usiuvute puani: vaa barakoa, na jihadhari na enameli za zamani, nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Kuhusu picha za vito vya wengine kwenye simu, mimi ni mkali kidogo. Picha inakuonyesha jibu la fundi mwingine, swali lake hulioni. Chagua kitu kimoja kinachopitisha au kuakisi mwanga, ganda la kitunguu, bawa, mafuta juu ya maji, ukitazame siku thelathini, kisha kisogeze karibu na vipande vyako hadi upate vinavyofanana.

Zile hereni za jani ziliuzwa zamani. Kipande kilichozizaa kiko kwenye kopo mezani, namba 41, na daftarini mbele ya namba hiyo bado pameandikwa: kimeharibika.