Jibu: Nakaa ofisini kutwa, je, mazoezi ya jioni yanatosha kulinda ubongo?

Mkuu, kukimbia jioni pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid usiache, kunasaidia sana. Ila hakufuti saa ulizokaa. Mwaka 2023 timu ya mtafiti David Raichlen ilitoa matokeo ya Waingereza karibu 50,000 wenye miaka 60 na kuendelea, waliovaa kifaa cha kupima mwendo mkononi. Waliokaa zaidi ya saa 10 kwa siku walipata dimensia (ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) kwa wingi zaidi, hata mazoezi yao yalipoingizwa kwenye hesabu. Ni uhusiano tu, haijathibitishwa kuwa kukaa ndiyo chanzo, lakini mimi ulitosha kuninyanyua.

Kazi yangu ni kupanga safari za watalii hapa Arusha. Msimu ukichanganya, kompyuta haituachi. Nilipojumlisha kiti cha ofisi, daladala na kochi la tamthilia usiku, hizo saa 10 zilifika bila shida. Wengi tunasahau kuhesabu kochi!

Sasa simu zote napokea nimesimama. Asubuhi nashukia kituo cha Kilombero, natembea hadi Mnara wa Saa. Na kila nusu saa nanyanyuka dakika mbili, hata kama ni kuzunguka korido tu. Hilo la dakika mbili lilipimwa Liverpool: kukaa saa nne mfululizo kulipunguza damu inayokwenda kwenye ubongo, na vitembezi hivyo vifupi vikazuia. Walipimwa watu 15 tu, lakini ni dawa isiyo na gharama.

Kinachonigusa zaidi kiko hapa kwetu. Raichlen huyohuyo na wenzake walipima Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa Ziwa Eyasi, wakakuta nao wanapumzika karibu saa 10 kwa siku. Tofauti ni kwamba sehemu ya muda huo wanachuchumaa au kupiga magoti, misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi. Kwa hiyo nyumbani mboga nachambulia chini, kochi linasubiri. Kama magoti yanasumbua, simama tu.

Kuhusu mzee wako wa Moshi uliyemtaja, aliyestaafu na kuhamia mbele ya runinga, hapo ndipo ningeanzia. Usimkataze, mpe kazi: amwagilie migomba, aende dukani kwa miguu, mtembee naye ukienda wikiendi. Na akianza kupotea njia anayoijua au kurudia swali lilelile, mpeleke hospitali mapema. Msiseme ni uzee.