Picha, sanamu au sura ya Kaisari?

Swali: Ninaandaa maelezo ya sarafu za dhahabu za Roma ya kale. Je, niandike "picha ya mfalme", "sanamu ya mfalme" au "sura ya mfalme"? Na sarafu zenyewe, naweza kuziita dinari?

Jibu: Kwa kichwa cha mtawala kilichopigwa chapa kwenye dhahabu, neno linalofaa zaidi ni sura. Sanamu si kosa, kwani Biblia ya Kiswahili hulitumia katika kisa cha fedha ya kodi, Yesu anapouliza sanamu na anwani iliyomo ni ya nani. Hata hivyo, msomaji wa leo akisikia sanamu hufikiria kwanza umbo la jiwe au mti linalosimama peke yake, na akisikia picha hufikiria kamera.

Upande wa pili wa sarafu unataka neno jingine. Baada ya kuitwaa Misri mwaka 30 KK, Augusto alitoa sarafu za dhahabu na za fedha zenye mamba na maneno ya Kilatini yanayotangaza kwamba Misri imetekwa. Mamba huyo mwite nembo, kwa sababu anawakilisha nchi nzima. Sura, nembo na maandishi vikitajwa kwa pamoja, kama njia ya mtawala kujitangaza, taswira ndilo neno lake.

Ninalolisisitiza zaidi, ingawa hukuliuliza, ni neno mfalme. Warumi walikuwa wamewafukuza wafalme wao karne nyingi kabla, na cheo hicho kiliwachukiza kiasi kwamba Augusto alijiepusha nacho kabisa. Sarafu ile ya mamba inamtaja kuwa Kaisari, mwana wa aliyefanywa mungu, yaani wa Julius Caesar aliyemfanya mwanawe wa kupanga. Ukimwita mfalme, unamvika cheo ambacho yeye mwenyewe alikikwepa kwa makusudi. Andika Kaisari.

Kuhusu dinari, zile za Roma zilizozoeleka zilikuwa za fedha. Sarafu ya dhahabu iliitwa aureus, na moja ilikuwa na thamani ya dinari 25. Ukiandika "dinari ya dhahabu", msomaji atakumbuka zaidi sarafu za Waislamu, ambazo Khalifa Abd al-Malik, mwaka 77 wa Hijria, aliziondolea sura za watawala na kuzijaza maandishi matupu. Kwa hiyo ningeandika: "Aureus ya Kaisari Augusto, mbele sura yake, nyuma nembo ya mamba."